Kusafisha Oveni na Kuitunza



Pengine mtashangaa kuona mwanafunzi wa Kidato cha Sita anaandika habari za oveni badala ya habari za mpira au za safari. Hata wenzangu bwenini walicheka nilipowaambia. Walisema kwamba kazi ya jikoni si kazi ya mvulana anayejitayarisha kwa mtihani. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu jinsi oveni moja chafu ilivyoharibu siku kubwa ya shule nzima, na kumtia aibu mtu asiye na kosa lolote. Tena, nilipokuwa nimepiga magoti mbele ya oveni ile nilifahamu mambo ya Kemia ambayo darasani nilikuwa nimeyakariri tu. Kwa hiyo naomba mnivumilie, nieleze kwanza yaliyotokea, kisha nieleze kazi yenyewe jinsi ifanywavyo.

YALIYOTOKEA

Katika nyumba ya walimu wetu kuna jiko la gesi lenye oveni chini yake, kama yale yaliyo katika nyumba nyingi za mjini. Mpishi ni mzee mmoja aliyeanza kazi hapa kabla sisi hatujazaliwa. Ninyi wanafunzi wa zamani mnamfahamu vizuri, na wengi wenu mmekula mkate wake.

Viranja hupewa ruhusa kutumia jiko lile Jumamosi jioni. Mwaka jana mpishi alikwenda likizo kijijini kwake kwa muda wa majuma matatu, na walimu wakawa wanakula chakula cha bwalo letu. Mimi na wenzangu watatu tukaona tumepata nafasi. Tulinunua nyama ya nguruwe, tukaichoma ndani ya oveni juu ya wavu mtupu, bila kuweka trei chini yake. Mafuta yalitiririka mpaka chini, mengine yakaruka kutani. Tulikula, tukafurahi, tukafunga mlango wa oveni, tukaenda kulala. Jumamosi ya pili tukafanya vivyo hivyo, na ya tatu pia. Kila mara mmoja wetu alisema, "Tutapangusa kesho." Kesho hiyo haikufika.

Mpishi alirudi Ijumaa usiku. Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya wanafunzi wa zamani. Alfajiri aliwasha oveni ili aoke mikate na kuku wa wageni, na kabla jua halijapanda jiko zima lilijaa moshi mweusi. Hapakuwa na wakati wa kufanya jambo lingine, maana wageni walikuwa njiani. Mikate ilitoka na harufu ya mafuta yaliyooza. Wageni walikuwa na adabu, hawakusema neno, lakini nilipokusanya sahani niliona vipande vya mkate vimeumwa mara moja tu vikaachwa.

Mwalimu mmoja aliingia jikoni akamwambia mpishi mbele yetu sote, "Mzee, naona umeanza kuchoka. Siku hizi huoni tena uchafu." Mzee alijibu, "Samahani, Bwana," basi. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani mikononi. Sikusema kitu.

Nilinyamaza siku mbili. Jumatatu tulisikia kwamba walimu wanazungumza habari ya kumpumzisha mzee kazini. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Vema. Nenda ukaisafishe. Ikiisha, mzee mwenyewe ataikagua." Hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye somo hili.

UCHAFU WA OVENI NI KITU GANI?

Mafuta mapya, ya nyama au ya mimea, huondoka kwa maji moto na sabuni. Lakini mafuta yakipata joto kali mara nyingi hubadilika asili yake. Chembe zake hushikana na oksijeni iliyo katika hewa, kisha hushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka zikafanya utando mgumu kama vanishi ya mbao. Ndiyo ile rangi ya kahawia inayonata katika kuta za oveni. Utando huo ukizidi kuungua, haidrojeni na oksijeni zake hutoka, na kinachobaki zaidi ni kaboni. Hayo ndiyo magamba meusi. Maji ya matunda, maziwa na sukari vikimwagika navyo huungua vikawa makaa ya namna hiyo hiyo.

Kaboni haiyeyuki katika maji, wala katika sabuni, wala katika siki. Ndiyo sababu mtu aweza kusugua mchana kutwa asione faida. Jambo linalowezekana ni kulegeza utando wa mafuta unaoyashika magamba yale. Huo ukilegea, magamba yenyewe hubanduka.

Ni kitu gani kinacholegeza mafuta? Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, alichunguza mafuta ya wanyama kwa miaka mingi, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1823 alionyesha kwamba mafuta yamefanyizwa kwa gliserini pamoja na asidi za mafuta. Mafuta yakikutana na alkali, vitu hivyo viwili huachana: gliserini hukaa peke yake, na asidi hushikana na alkali zikawa sabuni. Kwa hiyo mtu atiaye alkali juu ya mafuta anageuza sehemu ya uchafu wenyewe kuwa sabuni, na sabuni, kama tujuavyo, huondoka kwa maji.

Bibi zetu walilitumia jambo hili zamani bila kitabu. Nyumbani kwetu bibi yangu husugua sufuria lenye mafuta kwa majivu, na siku zote nilidhani kwamba ni kwa sababu majivu yanakwaruza tu. Kumbe majivu yana chumvi za potasi ambazo ni alkali, na majivu ya maganda ya ndizi yanazo nyingi sana.

Alkali zitumikazo jikoni kwa kazi hii ni tatu, na nguvu zake si sawa.

Ya kwanza ni bikaboneti, yaani magadi ya unga mweupe ambayo watu hutia katika keki na maandazi. Hii ni dhaifu, na yafaa kwa watu wote.

Ya pili ni magadi yenyewe, yale ya mawe yachotwayo katika maziwa ya chumvi kama Ziwa Magadi la Kenya. Haya yana nguvu zaidi, na mtu avae glavu.

Ya tatu ni kostiki soda, ambayo watengenezaji wa sabuni huitumia. Hii ni kali mno. Dawa nyingi za kusafishia oveni zinazouzwa katika makopo zina kostiki ndani yake. Habari zake nitazieleza sasa hivi, maana ninayo alama yake mkononi.

MAKOSA NILIYOYAFANYA

Jumanne ile nilianza kazi kwa hasira na kwa haraka, nikitaka kumaliza kabla ya chakula cha jioni. Nilifanya makosa matatu, nami nayaandika ili mwingine asiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa kutumia kisu na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Ndani ya oveni chuma kimefunikwa kwa enameli, ile rangi ngumu ya vikombe na sahani za zamani, nayo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Enameli ikikwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, kutu huingia, na mafuta hupata mahali pa kushika zaidi kuliko mwanzo. Kioo cha mlango ndicho kibaya zaidi kukikwaruza, kwa kuwa kikiwa na mikwaruzo chaweza kupasuka siku moja kikiwa cha moto. Mikwaruzo mitatu niliyoifanya ipo hata leo.

Kosa la pili lilikuwa kuchanganya siki na magadi ya unga katika bakuli moja. Povu lilipanda juu, nami nikadhani nimepata dawa kali. Nilipaka, nikangoja, nikapangusa: hakuna kilichotoka. Hapo nikakumbuka somo la Kidato cha Pili. Siki ni asidi na magadi ni alkali. Ukizikutanisha zinauana. Kinachobaki ni maji, hewa ya kaboni dioksidi inayotoa lile povu, na chumvi moja isiyoweza kula mafuta. Kila kimoja kina kazi yake, lakini kila kimoja kwa wakati wake.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Baada ya kushindwa nilichukua kostiki kidogo katika kabati la chama chetu cha kutengeneza sabuni, bila ruhusa. Niliitia katika maji nikaanza kupaka. Ilifanya kazi kweli, mafuta yakawa yanateleza. Lakini glavu zangu zilikuwa fupi, na nilipoinua mkono ili nipake dari ya oveni, matone yalishuka yakaingia ndani ya glavu. Kwanza niliona utelezi tu, kama sabuni. Ilikuwa ni mafuta ya ngozi yangu mwenyewe yanayogeuka sabuni. Kisha moto ukawaka.

Nilikimbilia chupa ya siki. Nilikuwa nawaza kama mwanafunzi wa Kemia: alkali imeniunguza, basi nitie asidi. Mzee, ambaye kwa siku ile nzima alikuwa hajasema nami neno, alinishika mkono kwa nguvu akanivuta hadi kwenye bomba.

"Maji, kijana! Maji kwanza!"

"Lakini Mzee, siki itaua ile dawa."

"Acha siki yako. Weka mkono hapa, usiutoe mpaka nikuambie."

Alinishikilia pale muda mrefu, maji yakitiririka juu ya mkono, mpaka ukafa ganzi kwa baridi. Baadaye mwalimu wetu wa Kemia alisema kwamba mzee ndiye aliyekuwa na haki. Asidi na alkali zikikutana hutoa joto, na joto juu ya ngozi iliyoungua ni kuongeza jeraha. Maji mengi yanayotiririka huiosha dawa na kuipoza ngozi pamoja. Yatakiwa kuosha kwa muda wa dakika 20 au zaidi, kisha kwenda zahanati. Ikiingia machoni, osha vivyo hivyo kwa maji safi na umwone daktari upesi sana, maana kostiki yaweza kupofusha.

Kwa hiyo nasema: nyumbani, na hasa penye watoto, acheni kostiki. Mtu anayelazimika kuitumia avae glavu ndefu na miwani, afungue madirisha, aitie kostiki katika maji pole pole wala asimimine maji juu ya kostiki, na asiiguse alumini nayo, kwa sababu huila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni ishikayo moto.

Neno moja zaidi la hatari. Pasitumike kamwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe pamoja na siki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ndiyo ile iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Jiko dogo lililofungwa madirisha si mahali pa kujaribu mambo kama hayo.

KAZI YENYEWE

Siku ya pili mzee alileta kigoda, akaketi nyuma yangu, akaanza kunifundisha. Hivi ndivyo alivyonielekeza, nami nimeongeza sababu mahali nilipozipata.

1. Zima kwanza. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye kifundo cha jiko peke yake. Kama oveni ni ya umeme, chomoa waya au zima swichi ya ukutani. Iache ipoe. Fungua madirisha na mlango. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka ikajikusanya sakafuni. Mlango ulio wazi huipa njia ya kutoka.

2. Toa nyavu na trei zote. Tia nyavu katika karai la maji moto yenye sabuni na konzi ya magadi, uziache zilale humo usiku kucha. Lakini vyombo vya alumini visitiwe humo, maana vitageuka vyeusi.

3. Tandika magazeti ya zamani sakafuni, kisha kwangua makapi makavu kwa mwiko wa mbao au kipande cha plastiki kigumu. Yazoe yote. Mtu akilowesha kabla ya kuzoa atafanya matope.

4. Twaa nusu kikombe cha magadi ya unga, tia maji vijiko vikubwa vitatu hivi, koroga mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Paka kutani, chini, darini, na ndani ya mlango, na penye weusi mwingi paka nene. Usipake kwenye matundu ya kichomeo, wala kwenye koili za umeme, wala kwenye raba ya mlango, wala kwenye kile kijiti kinachopima joto.

5. Iache kwa muda wa saa kumi na mbili. Hapa ndipo vijana tunaposhindwa. Magadi ya unga ni dhaifu, na kitu dhaifu hufanya kazi kwa muda mrefu. Nilipotaka kupangusa baada ya saa moja mzee alisema, "Wewe ulitia mafuta haya kwa majuma matatu. Wataka yatoke kwa saa moja?" Nikafunga mlango nikaenda kusoma.

6. Asubuhi utaona ile dawa nyeupe imegeuka kahawia. Hiyo ni dalili njema. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, panguse, ukisaidia na mwiko wa mbao. Badilisha maji mara kwa mara, maana maji machafu hurudisha uchafu pale pale. Mimi nilimwaga ndoo saba.

7. Sasa ndipo wakati wa siki. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, nyunyiza penye alama nyeupe za magadi zilizobaki. Zitatoa povu dogo na kuyeyuka. Panguse tena kwa maji safi.

8. Mahali palipobaki weusi, paka tena magadi na kungoja usiku mwingine. Usirudi kwenye kisu. Oveni yetu ilihitaji usiku mara tatu, na pembe ya nyuma mara nne.

9. Kioo cha mlango kipakwe dawa ile ile kwa nusu saa, kisha kisuguliwe kwa sponji laini. Wengi husahau ukingo wa chini wa mlango, ambako mafuta hujificha.

10. Kausha vizuri, rudisha nyavu, fungua gesi, washa oveni tupu kwa dakika 15, madirisha yakiwa wazi. Kama kumebaki harufu yoyote itatoka wakati huo, wala haitaingia katika mkate.

ANGALIA MWALI WA MOTO

Nilipowasha oveni mara ya kwanza baada ya kuisafisha, mzee alinifanya nichungulie mwali. Upande mmoja ulikuwa wa buluu, na upande wa pili ulikuwa wa njano na kutoa masizi. Tukazima, tukangoja kupoe. Kumbe mafuta yetu yalikuwa yameziba matundu kadhaa ya kichomeo. Tulifunga gesi tena, tukayasugua kwa brashi kavu na kuyazibua kwa sindano, pole pole tusiyapanue.

Jambo hili si dogo. Mwali wa buluu maana yake gesi inapata hewa ya kutosha na inaungua yote. Mwali wa njano mara nyingi maana yake hewa haitoshi, na gesi isiyoungua sawasawa hutoa kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni, na mtu huumwa kichwa, huona usingizi, na katika chumba kilichofungwa aweza kufa bila kujua. Ni hewa ile ile iwauayo watu walalao na jiko la makaa chumbani wakati wa baridi. Kwa hiyo oveni chafu yaweza kuharibu zaidi ya mkate. Mwali ukiendelea kuwa wa njano hata baada ya kuzibua, mwite fundi.

Na kama mafuta yakishika moto ndani ya oveni wakati wa kuoka, usifungue mlango wala usimwage maji. Acha mlango umefungwa, zima gesi au umeme, na moto utakosa hewa uzimike wenyewe. Usipozimika, toa watu nje na kuita msaada.

KUITUNZA ISICHAFUKE TENA

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiku wangu mara nne ulikuwa ukuta. Ufa wake ulikuwa kitambaa kimoja chenye maji na dakika mbili za Jumamosi ya kwanza. Kanuni za kuitunza ni chache.

Weka trei chini ya kitu chochote kinachodondosha mafuta, na kama chakula kinaruhusu, kifunike.

Panguse oveni ikiwa bado na uvuguvugu baada ya kuoka, kabla mafuta hayajaganda. Isiwe ya moto wa kuunguza, na isiwe imepoa kabisa.

Kitu kikimwagika wakati wa kuoka, mzee hukinyunyizia chumvi pale pale. Chumvi hunyonya, na baadaye gamba hutoka kwa urahisi.

Mara moja kwa mwezi, au zaidi kama oveni yatumika kila siku, paka magadi ya unga usiku mmoja hata kama huoni uchafu mwingi.

Usitandike karatasi ya alumini kwenye sakafu ya oveni ili kukwepa kazi. Huziba njia ya joto na hewa, na yaweza kushikamana na enameli isitoke tena.

Usiifanye oveni kuwa kabati la mafuta, mikate ya jana na magazeti. Mende na panya hupapenda, na siku moja mtu ataiwasha bila kutazama.

Katika nchi nyingine, tangu miaka ya 1960, kumekuwa na oveni zinazojisafisha zenyewe. Hufungwa kwa komeo na kupandishwa joto mpaka karibu nyuzi 500 za Selsiasi, uchafu wote ukawa majivu. Nilipomweleza mzee habari hiyo aliuliza, "Na hayo majivu, nani huyafuta?" Nikamwambia, "Mwenye oveni, Mzee." Akacheka.

Sisi shuleni tumeongeza kanuni moja. Ukutani karibu na jiko tumetundika daftari. Kila anayetumia oveni huandika jina lake na siku, na pembeni huandika "Nimepangusa." Asiyeandika neno hilo hapewi ufunguo tena. Tangu daftari lile liwekwe, hakuna mtu aliyelaumiwa kwa mafuta ya mwingine.

MWISHO

Wengi wetu nyumbani hatuna oveni. Tunapika kwa mafiga na kwa makaa, wala hakuna aibu katika hilo. Lakini ninyi mliokwisha kupata kazi mjini mnazo, na sisi tutakuja kuzipata. Nawaomba msimwachie kazi hii mama, dada au mtumishi peke yake. Aliyemwaga mafuta ndiye ajuaye yalipoanguka.

Mtapenda kujua habari za mpishi. Mwalimu yule aliyemsema alimwendea jikoni akamtaka radhi mbele yetu, kama alivyomsema mbele yetu. Habari ya kumpumzisha haikusikika tena. Nami nilimwomba radhi, lakini alijibu tu kwamba kazi bado haijaisha.

Asubuhi ya siku ya tano nilimwita akague. Aliinama polepole, akafungua mlango wa oveni, akapitisha kidole ukutani, kisha akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa dirisha. Hakunisifu. Alisema, "Haya mwanangu, lete unga."

Mwaka huu wanafunzi wa zamani walipokuja walikula mikate yote, na mzee alilazimika kuoka mingine saa tisa. Nilikusanya sahani kama mwaka jana. Hazikuwa na kitu.

Nawatakia nyote heri na afya njema.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha VI